Chururu na Ndondondo: Michoro ya Magome ya Ituri na Neno "Dhahania"

Kila mwanafunzi wa kitivo chetu alikutana na neno dhahania mapema, tena katika sarufi. Nomino dhahania, tulifundishwa, hutaja kitu kisichoshikika: upendo, ujinga, amani, uzuri. Jiwe halimo, maana ukilikanyaga pekupeku utalijua. Tukahifadhi kanuni, mtihani ukapita, tukaendelea na mambo mengine.

Mwaka huu neno hilo limenirudia kwa mlango mwingine. Katika kutayarisha kazi yangu ya mwisho wa masomo, nilisoma juu ya vitambaa vya magome ya miti ambavyo wanawake Wambuti huvichora katika msitu wa Ituri, kaskazini-mashariki ya nchi yetu. Wanaoandika kwa Kifaransa na Kiingereza huviweka katika fungu la sanaa ambayo sisi kwa Kiswahili tunaiita dhahania, yaani sanaa isiyoonyesha mtu, nyumba wala mnyama anayetambulika. Lakini waandishi haohao wanatuambia kwamba mistari ya vitambaa hivyo imetoka kwa majani, kwa mitambaazi ya msituni, kwa utando wa buibui, kwa madoa ya chui. Nikabaki na swali: kitu kilichotoka kwa jani, kikachorwa juu ya gome kwa maji ya tunda, kinakuwaje cha kufikirika tu?

Makala haya ni jaribio la kujibu swali hilo. Hoja yangu ni moja. Sisi tunaosoma lugha za Kiafrika tuna istilahi inayoeleza michoro hii vizuri kuliko neno dhahania, nayo tumeifundishwa katika darasa la mofolojia, mbali kabisa na sanaa. Istilahi hiyo ni kiigizi, au kama wengine wanavyosema, tanakali ya sauti.

Gome na mkono

Kwanza tuone kitu chenyewe. Kazi hugawanywa. Wanaume hubandua ganda la ndani la miti fulani, hasa ya jamii ya mitini. Hulilowanisha, kisha hulipondaponda juu ya gogo kwa nyundo ya mbao au ya pembe ya ndovu, yenye mifereji usoni, hadi nyuzi zilegee na ganda litanuke kuwa kitambaa laini. Kutoka hapo kazi ni ya wanawake. Rangi nyeusi hupatikana kwa maji ya tunda la gadenia yaliyochanganywa na makaa au masizi. Rangi nyekundu hutoka kwa unga wa mti ambao kwa Lingala huitwa ngola. Mchoraji hutumia vidole vyake, kijiti au kikonyo cha mmea. Maji yaleyale meusi huchorewa pia usoni na mwilini, kwa hiyo mkono unaochora kitambaa ni mkono uliozoea ngozi.

Kitambaa kilivaliwa kwa kupitishwa kati ya miguu na kufungwa kwa mshipi kiunoni. Kilionekana zaidi siku za maana, kama vile katika elima, sherehe ya wasichana wanaovunja ungo. Kitambaa cha gome chenyewe si mali ya Ituri peke yake. Waganda wana lubugo, inayotokana na mti wa mutuba, na UNESCO iliitangaza mwaka 2005 kuwa urithi wa ubinadamu. Kinachotofautisha Ituri ni mstari.

Mstari huo unaonekanaje? Chukua kitambaa kimoja akilini. Pembeni kuna mistari miwili inayokwenda sambamba, ikipinda pamoja. Ghafla mmoja unaacha, na pale ulipokuwa uendelee kuna nukta, nukta, nukta. Katikati kuna kimia cha mistari inayokatana, ambacho hakikamiliki: kimeachwa wazi upande mmoja, na pale palipo wazi gome linaonekana lilivyo. Ukitafuta ulinganifu, kulia kama kushoto, huupati. Robert Farris Thompson, aliyeandika juu ya michoro hii pamoja na Georges Meurant, aliilinganisha na uimbaji wa Wambuti, ambamo kila mwimbaji huingia na kipande chake, sauti zikapishana, na kimya kikawa sehemu ya wimbo.

Maneno mawili yasiyotosha

Wazungu walipotafuta jina la sanaa ya namna hii walichukua kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuvuta kitu na kukiondoa mahali pake. Jina hilo linafaa sana kwa historia yao. Mfano unaojulikana ni wa Mholanzi Piet Mondrian. Kati ya mwaka 1908 na 1912 alichora miti mara nyingi. Katika ile ya mwanzo bado unaona shina, matawi na rangi ya jioni. Katika mti wa kijivu wa 1911 matawi yamekuwa matao yanayosukumana. Katika mtofaa wa 1912 huwezi tena kusema matawi yanaishia wapi na hewa inaanzia wapi. Miaka michache baadaye mti umekwisha, imebaki mistari wima na mlalo. Mondrian alianza na mti, akaondoka kwake hatua kwa hatua. Hiyo kweli ni safari ya kuvuta na kuondoa.

Sisi tulipotafuta jina tulichukua neno lenye mzizi wa Kiarabu, linalohusu akili na kinachofikiriwa. Dhahania ni kilicho kichwani. Hilo nalo lina mahali pake katika sarufi, lakini tukilibandika kwenye kitambaa cha Ituri tunakuwa tumesema mambo mawili ambayo hatukukusudia. Tunasema kwamba kitambaa hakihusiki na kitu cha nje, na tunasema kwamba mchoraji aliwaza zaidi kuliko alivyotazama. Yote mawili yanapingana na tunachokisoma juu ya kazi yenyewe.

Mtu anaweza kusema: basi tuseme ni picha za mimea na wanyama zilizorahisishwa. Hapana, hilo pia halitoshi, na mfano mzuri wa kulipima tunao hapahapa Kongo. Mwaka 1946, mjini Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji iliyojulikana kama Hangar. Humo walitoka Pili Pili Mulongoy, Bela Sara na Mwenze Kibwanga. Bela alichora kwa ncha za vidole. Mwenze alijaza uso mzima kwa vistari vifupi vilivyolala sambamba, karibu kama ukili. Pili Pili alichora samaki, ndege na nyoka katikati ya majani, na kila jani likawa nakshi. Kazi hizi zimerahisisha viumbe kwa uhodari mkubwa. Hata hivyo samaki wa Pili Pili ni samaki: ana jicho, ana mkia, mtoto atamwonyesha kwa kidole. Katika kitambaa cha Ituri mtoto hana cha kuonyesha kwa kidole. Jani halipo. Kuna jambo la jani.

Jambo la jani, hilo ndilo lililonipeleka kwenye viigizi.

Kiigizi kinafanya nini

Clement Doke, mwanaisimu wa lugha za Kibantu, alikipa kiigizi istilahi yake ya kitaaluma mwaka 1935, na tangu hapo kila sarufi nzuri ya lugha zetu hukitengea sura. Tuorodheshe tunayoyajua. Jiwe limetumbukia chubwi. Mzigo umeanguka pu. Mtoto amelala fofofo. Shati ni jeupe pe, chungu ni cheusi ti, watu wametulia tuli.

Kuna mambo matatu ya kuangalia hapa.

La kwanza, kiigizi hakitaji kitu. Chubwi si jina la jiwe wala la maji. Hakisemi jiwe lilikuwa kubwa kiasi gani, wala nani alilitupa. Kinachukua upande mmoja tu wa tukio, ule wa kuzama kwa mara moja, na kuuacha ulimwengu uliobaki.

La pili, kiigizi si mwangwi. Maji hayasemi ch wala bw. Sauti hizo ni za Kiswahili, zimepangwa kwa silabi za Kiswahili, na lugha ya jirani, kwa jiwe lilelile na mto uleule, ina kiigizi chake kingine. Zaidi ya hayo, viigizi vingi haviigi sauti yoyote. Weupe hauna mlio, lakini tunasema pe, na anayesikia anaona weupe usio na doa. Usingizi mzito hauna f wala o, lakini fofofo inalala.

La tatu, katika kiigizi umbo ndilo linalobeba maana. Ukirudia, kitu kimerudia. Ukivuta irabu, kitu kimerefuka. Tuna methali isiyo na kitenzi ndani yake: chururu si ndondondo. Mtiririko si sawa na matone. Maneno mawili ya methali ni viigizi, na kati yao kuna kikanushi tu. Mpe mtu yeyote kalamu umwambie achore methali hiyo bila kuchora maji: atavuta mstari mmoja mrefu, kisha chini yake ataweka nukta, nukta, nukta.

Sasa rudi kwenye kitambaa. Mstari mrefu ulioacha ghafla ukawa nukta ni chururu iliyogeuka ndondondo. Sisemi kwamba mchoraji alifikiria methali ya pwani. Nasema kwamba kazi ya mkono wake na kazi ya ulimi wetu ni za namna moja. Nyoka hayumo kitambaani, umo mwendo wake: kwenda upande, kurudi upande, pasipo kuvunjika. Jani halimo, umo mgawanyiko wa mishipa yake, uti mmoja na matawi yanayotoka kulia na kushoto, bila ukingo ambao ungetufanya tuseme "hili ni jani". Buibui hayumo wala utando wake mzima. Kuna nyuzi zinazokatana na mahali palipochanika. Kama kiigizi, mchoro unachukua upande mmoja. Kama kiigizi, unautia katika mpangilio wa lugha yake mwenyewe, yaani kawaida za mstari ambazo wanawake hao hujifunza kwa kutazamana. Na kama kiigizi, urefu, marudio na mkatizo ndivyo vinavyosema.

Kwa hiyo mchoro huu haukuondoka kwa msitu, kama Mondrian alivyoondoka kwa mti wake. Haukuuiga pia. Umesimama pale ambapo chubwi imesimama, kati ya kitu na jina.

Sharti niseme mahali ambapo ulinganisho wangu unafika mwisho. Kiigizi ni mali ya wasemaji wote: nikisema fofofo katika soko lolote la Bukavu au Kisangani, kila mtu ameelewa. Mchoro una uhuru zaidi. Wanawake wawili wanaweza kuutazama na wakaona mambo mawili. Hilo linatuleta kwenye majina.

Jina si tafsiri

Vitabuni utakuta picha ya kitambaa na chini yake maelezo: mistari hii ni mitambaazi, hizi ni mbawa za kipepeo, haya ni madoa ya chui. Msomaji hupumua, akadhani amepewa tafsiri. Mwanaisimu hana budi kusita.

Tuazime mfano kutoka Kasai, kwa Wakuba, ambao nakshi zao za vitambaa vya ukindu na vinyago zimechunguzwa kwa muda mrefu. Watafiti waliandika kwamba nakshi moja inaweza kupewa majina mawili na watu wawili, kwa kuwa kila mmoja ameona sehemu tofauti kuwa ndiyo kiini. Tena kuna kisa ambacho mwanahistoria Jan Vansina amekisimulia. Katika miaka ya 1920 wamisionari walimwonyesha mfalme wa Wakuba pikipiki, wakitumaini atastaajabu. Pikipiki haikumgusa. Kilichomvutia ni alama ambazo magurudumu yaliacha mchangani. Akaagiza zinakiliwe, na nakshi hiyo ikaitwa kwa jina la mfalme. Anayesoma jina akatafuta uso wa mfalme ndani ya nakshi hataupata. Anayetafuta gurudumu katika jina hatalipata.

Tunalijua jambo hili bila kwenda mbali. Mama zetu sokoni hupatia vikwembe majina, na jina la kikwembe mara nyingi husimulia habari ya ndoa, ya wivu au ya pesa, wakati juu ya nguo kuna maua au miduara. Jina linakitambulisha kitambaa, linakifanya kiulizwe na kinunuliwe. Halikielezi.

Basi tunapoandika "hili ni jani", tujiulize jibu hilo lilipatikanaje. Mgeni ameonyesha kwa kidole na kuuliza: hii ni nini? Swali hilo kisarufi linadai nomino. Mtu mwenye adabu, akiulizwa swali linalotaka nomino, atatoa nomino: majani, nyoka, nyota. Je, tungepata nini kama tungeuliza: hii inakwendaje? Inafanya nini hapa? Kwa nini imeachia hapa? Maswali hayo yanaita vitenzi na viigizi, na huenda huko ndiko maelezo ya wachoraji wenyewe yaliko.

Kitambaa kimoja, lugha nyingi

Ugumu unaongezeka kwa sababu ya ramani ya lugha. Watu tunaowaita kwa jumla Wambuti hawana lugha moja. Waefe husema lugha iliyo karibu sana na Kilese, ya tawi la Sudani ya Kati. Waasua husema lugha ya jamaa ya Kimangbetu, ya tawi hilohilo. Wasua hushirikiana na Wabira, ambao lugha yao ni ya Kibantu. Juu ya hizo kuna Kiswahili, kilichoingia huko katika karne ya 19 pamoja na misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani na wafuasi wao, na ambacho leo ndicho mgeni hukitumia kwanza. Kwa hiyo mchoro wa namna moja unaweza kuwa na jina katika jamii mbili za lugha zisizo na undugu, kisha jibu la Kiswahili kwa ajili ya mgeni, kisha Kifaransa katika daftari, kisha Kiingereza katika kitabu. Kila hatua kitu kinadondoka, na viigizi hudondoka mapema kuliko vyote, kwa kuwa Kifaransa na Kiingereza havina mahali pengi pa kuviweka.

Kinachobaki mwishoni ni kibandiko cha ukutani katika jumba la sanaa la mbali. Mara nyingi kitambaa kinaitwa tapa, neno la visiwa vya Polinesia katika bahari ya Pasifiki. Mchoraji hana jina. Kazi haina kichwa. Sanaa ni "dhahania". Katika maneno yote ya kibandiko hicho, hakuna hata moja lililotoka kinywani mwa aliyechora.

Msitu wenyewe hauko salama. Hifadhi ya Okapi, inayozunguka Epulu, iliandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1996, na mwaka uliofuata tu ikahamishiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, ambamo ingali. Vita, uchimbaji wa dhahabu na ukataji wa miti vimewasukuma watu kutoka kambi za ndani hadi kando ya barabara. Ikiwa nilichosema kina ukweli, yaani kwamba mstari umebeba namna mtambaazi unavyopinda na namna utando unavyochanika, basi kila mti unaotoweka unaondoka na sehemu ya msamiati huu, na sisi hatujauandika.

Nini kinaweza kufanywa na kitivo cha lugha, chenye vinasa sauti vichache na bajeti ndogo? Kiasi fulani kinawezekana. Wenzetu wanaotoka Mambasa, Bunia na Isiro wanazijua lugha jirani kuliko mtaalamu yeyote atakayeshuka kwa ndege. Picha za vitambaa vilivyoko ughaibuni zimechapishwa; zinaweza kubebwa na kuonyeshwa kwa wanawake wenye umri, na mazungumzo yakanaswa katika lugha yao, kwa idhini yao na kwa majina yao ikiwa wanataka yaandikwe. Unakili uhifadhi kila kiigizi kilivyotamkwa, pamoja na toni na marudio, na ishara za mikono zielezwe pia, maana anayesema mstari unakwenda hivi mara nyingi huuchora hewani kwa kidole.

Na neno dhahania? Tuliachie sarufi, kwa upendo, ujinga na amani. Kwa vitambaa vya Ituri, mimi katika kazi yangu nimeamua kuandika "michoro ya viigizi", hadi siku mmoja wa wachoraji atakapotupatia neno lake mwenyewe.